Mpole Kama Kondoo

Muuza samaki wa mapambo wa mtaani kwetu, hapa Durban, kila Jumamosi kabla ya kufungua duka humshindilia ngisi samaki wake aina ya kikande mpaka tumbo limvimbe. Wateja wakiingia wanamkuta kajilaza kwenye matumbawe, kamba wanampita puani naye hana habari nao. "Mwone alivyo mpole," husema kwa sauti ya mlezi wa watoto, akipangusa kioo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto siku hizi hautoki mfukoni.

Ndivyo alivyoniuzia wangu. Wiki haikuisha, sina kamba, sina konokono, na mawe yote tangini yamepinduliwa! Nikarudi nimefura, nikamkuta anamwimbia wimbo uleule Mama Perumal, mwalimu mstaafu.

"Huyu kondoo tu, mama."

"Basi tia mkono tangini umwokotee mama lile gamba la kombe pale chini," nikamwambia.

Akanikata jicho, kisha akachukua koleo refu. Koleo lilitaka mikono miwili. Wa kushoto ukatoka mfukoni, kidole cha shahada kimeviringishwa bendeji.

Mama Perumal akafunga pochi yake.

"Na hicho kidole, baba, kimeng'atwa na kondoo?"