Plasta ya Kushoto

Sindano ya cherehani ilipita kwenye kucha yangu ikatokea upande wa pili, na mteja aliyekuwa anasubiri gauni lake akacheka. "Fundi, leo unajidarizi mwenyewe?" Hapo Nyasho, kibarazani, mchana kweupe.

Jicho langu zima, la kulia, lilikuwa limefungwa bandeji, kibanzi cha kuni kilikuwa kimelirukia. Nilikuwa nashona kwa lile la kushoto. Ng'ombe akiwa mbali linamwona. Sindano ikiwa mbele ya pua linahangaika, linavuta, linavuta, halikamati. Uzi unakuwa nyuzi mbili, halafu ukungu.

Halikuzaliwa limekufa jicho hilo. Nilikuwa mtoto Butiama, shangazi ndiye alinilea. Mwalimu alikuwaga ananichapa, eti navutia daftari puani kwa makusudi. Shangazi akanipeleka zahanati. Tabibu akatoa plasta, akasema, "Mfungeni jicho huyu, kila siku mpaka jioni, litazoea." Jicho lipi, hakusema. Alikuwa anaongea na dirisha.

Shangazi alikuwa mtu wa ng'ombe. Ndama akivunjika mguu, unafunga ule uliovunjika. Akafunga jicho bovu. Kumbe unafunga zima, ili bovu lilazimike kufanya kazi, lijifunze kukaza kuona vitu vya karibu.

Shangazi simlaumu. Namlaumu yule tabibu, maana tulirudi kwake. Plasta iko kushoto, akaitazama kwa macho yake mawili mazima. Shangazi akamwuliza, "Baba, tunafanya vizuri?"

"Endeleeni hivyo hivyo, mama."

Tukaendelea, na jicho likalala humo gizani.

Juzi daktari wa Musoma hakunizungusha. Jicho zima limebaki na kovu, halitaona sawasawa tena. La kushoto lilinyimwa kazi utotoni, miwani italisaidia kidogo tu, na kulifundisha ukubwani ni shughuli. Cherehani nimeirudisha nyumbani Kigera, nimeifunika khanga.

Tabibu yule amestaafu, ana duka la dawa Kibara, watu wanapita wanamwamkia, "Shikamoo daktari." Nilipomfuata, mimi sikumwamkia. Nilimweleza yote, akapanga vichupa vyake akasema, "Mama, hayo mambo ni ya zamani."

Ya zamani kwako. Mimi kila asubuhi naamka nayo, natafuta tundu la sindano silioni. Nitarudi hapo dukani, nitauliza mbele ya wateja wako, na sitaondoka kwa maneno ya adabu. Siku ile tuliporudi kwako, uliiona plasta iko upande gani? Kama uliona, kwa nini ulituambia tuendelee? Nijibu.