Ngoma za Mlali

Mimi ni karani wa boma la Wadachi, na kazi yangu ni kuandika wanaume wa kwenda kujenga reli. Katika safari zangu zote hakuna mahali nilipopapenda kama Mlali. Kila nikikaribia, wanawake hupiga ngoma tangu niko bondeni, nami hufika nikitabasamu kama bwana harusi. Wanaume sikuwakuta kamwe, isipokuwa vikongwe. Nikaandika: wamekwisha kwa njaa.

Juzi, kibuyu cha maziwa mkononi, nililifunga daftari mbele ya mwenyeji wangu, mama mmoja wa Kigogo.

"Mama, nahamishiwa pwani. Sitarudi tena."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akanitazama, akafuta mikono kwenye kaniki yake, akatoka nje. "Haya, pigeni ile ya kuwarudisha!"

Ngoma zikabadilika. Vichaka vikatikisika, wakatoka wanaume, vifua vipana, wakijipangusa miiba. Mmoja akaniamkia kwa upole: "Mbukwa, karani. Miaka yote hii tunakuona kwa mbali tu."

Kibuyu kikaniponyoka.

Jana bomani karani mpya aliniuliza Mlali pakoje.

"Wakarimu mno," nikamwambia. "Watakupokea kwa ngoma."