Kidole Gumba cha Birdie

Wifi yangu Birdie alikuwa nesi wa mikataba, wa kuhama hospitali hadi hospitali, kwa miaka minane, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akiteleza kwenye mambo ya mikataba. Wiki kumi na tatu Texas, wiki kumi na tatu Oregon, anarudi hapa Kentucky na gari lililojaa vumbi, anafua sare, anaondoka tena. Manesi wadogo wa kaunti nzima walikuwa wanakuja jikoni kwake kumuuliza wakala wa kazi yupi anadanganya na yupi anadanganya kidogo. Kisha kaka yangu Carl, mume wake, akaanguka bafuni Jumanne moja, na Birdie yuko Arizona, wiki ya kumi na mbili ya mkataba. Alipofika tulikuwa tumeshachagua jeneza.

Sifichi, nilimchukia mwaka mzima. Halafu nikachoka, maana nyumba zetu zinatazamana, na kumnunia mtu unayemwona akitoa takataka kila Alhamisi ni kazi ngumu. Lakini binti yao Kendra hakuchoka. Alihamia Montana, mji wa Dalby, na bwana wake anayefanya kazi reli, na kwa miaka mitatu mama yake akawa anaambulia kadi ya Krismasi tu. Birdie aliacha safari, akaajiriwa hospitali ya hapa hapa kwa dola thelathini na nane kwa saa, akajinyamazia.

Oktoba, Kendra akapiga simu. Ana mimba ya mapacha, daktari amemwamuru asitoke kitandani, na bwana yuko kwenye treni siku nne kati ya saba. Nilikuwepo, simu iko mezani, sauti imefunguliwa.

"Ukipata kazi kwenye hospitali ya huku na mahali pako pa kukaa, njoo," alisema. "Kwangu hapana, Mama. Sitaki mtu wa kunihurumia wiki mbili halafu aniage."

Birdie akasema sawa. Alipokata simu akaanza hapo hapo kutafuta nafasi za Dalby.

Hospitali ya Dalby ni moja, na ilikuwa inatafuta nesi mmoja tu wa mkataba. Mawakala wawili walikuwa na nafasi hiyo hiyo. Wa kwanza kijana anaitwa Trent, ana sauti ya muuza magari: dola elfu mbili mia moja na hamsini kwa wiki, nyumba ujitafutie. Wa pili ni Paulette, wanajuana na Birdie tangu enzi zile: elfu moja mia saba, na chumba chenye samani, dakika tano kwa miguu kutoka wodini.

Siku nne Birdie alihangaika na nyumba za Dalby kwenye simu, miwani puani. Vyumba vizuri vyote vimeshikwa na watu wa reli. Kilichobaki ni chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha, na nyumba ya kukokotwa na gari ambayo mwenye nyumba alikiri maji huganda Januari, lakini akasema haina shida kama mtu si wa kuoga sana. Mwingine alitaka malipo kabla hata ya kutaja mtaa. Huyo tapeli, Birdie akamfuta.

Mimi nilimwambia achukue hela nyingi akalale motelini. Alinitazama mpaka nikajuta kufungua mdomo.

"Hela nyingi nilishachukua, wifi," akasema.

Basi akamchagua Paulette. Jumatatu Paulette akapeleka faili lake, na jibu likaja haraka: msimamizi wa wodi atapiga Jumatano saa nne asubuhi kumhoji. Jumatano nikavuka barabara na chungu changu cha maharagwe, nikayabandika jikoni kwake ili nisionekane nimekuja kusikiliza. Birdie alikuwa amevaa blauzi ya kanisani kwa ajili ya simu. Sikumcheka.

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu akaenda kuangalia kama simu ina chaji. Saa tano nikasema labda kuna mgonjwa amezidiwa huko, naye akasema ndiyo, labda, na hakunywa kahawa yake. Saa tano na robo simu ikalia, akaidaka, kumbe ni Paulette.

Akafungua sauti na mimi nisikie. Hospitali ilikuwa imepokea faili lake mara mbili, kutoka kwa Paulette Jumatatu na kutoka kwa Trent Ijumaa ya kabla yake. Na hili kila nesi wa mikataba analijua hata usingizini: jina moja, wakala mmoja. Yakifika mafaili mawili ya mtu mmoja, hospitali nyingi hazitaki kuingia ugomvi wa mtu huyu ni wa nani. Wanayatupa yote mawili, na ndivyo walivyofanya.

Birdie akasema hakumpa Trent ruhusa. Paulette akamjibu, kwa upole uliouma zaidi, kwamba Trent ameonyesha ushahidi. Tukafungua ujumbe wake wa Ijumaa. Orodha ndefu ya malipo na posho za nyumba, na chini kabisa, mstari mmoja: nikupeleke? Yaani, nipeleke faili lako hospitali? Birdie alikuwa anafunga viatu aende zamu. Alidhani ni malipo tu ametumiwa ayatazame. Akabonyeza kile kikatuni cha kidole gumba, kusema nimeona, akaondoka. Enzi zake ilikuwa lazima utie saini karatasi ndipo wakupeleke. Miaka mitatu tu amekaa pembeni, na kidole kimekuwa saini.

"Nimewafundisha watu hili," akasema. "Hapa hapa, kwenye meza hii."

Hasira zikanipanda mimi. Nikampigia Trent mimi mwenyewe, nikamtolea uvivu, na yule kijana akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema ana nafasi nyingine Montana hiyo hiyo. Elfu mbili mia sita kwa wiki, na nyumba juu yao. Nikauliza ni umbali gani kutoka Dalby. Maili mia mbili na themanini. Anataka jibu kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia Birdie aichukue. Angalau ni jimbo moja, siku za mapumziko angeendesha gari. Ujumbe wa Trent ukaingia. Birdie akautazama, na nikaona kidole kinasogea. Najua alichokuwa anafikiria, maana na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho: ni nafasi nzuri, na hakuna nyingine.

Akaifunika simu kwa kitambaa cha vyombo, akatoka, akakaa kwenye gari bila kuliwasha.

Aliporudi ilikuwa saa nane. Akaketi, akatafuta mwenyewe bila wakala, akapata tangazo la nyumba ya kutunzia wazee pale Dalby, akapiga. Aliyepokea simu alimhoji dakika kumi na moja. Unaweza kumwinua mtu? Unaweza kufika tarehe mosi? Dola ishirini na tisa kwa saa, nyumba hawatoi. Karatasi zilipoingia Birdie alizisoma kwa sauti mara tatu, mpaka mimi nikazikariri, ndipo akatia saini. Motelini pangemlia karibu nusu ya mshahara.

Ilibaki Kendra. Nilitaka kuondoka, Birdie akanishika mkono, akafungua sauti ya simu.

Alimweleza binti yake yote. "Hospitali imeshindikana, na kosa ni langu," akasema.

"Kwa hiyo huji," Kendra akasema.

"Nakuja. Nimepata kazi kwa wazee. Nitalala motelini."

"Wanakulipa kiasi gani?"

Swali hilo lilinichoma. Kila Birdie alipofungasha, Carl alikuwa akimkalisha Kendra, bado mtoto, na kumtajia ni kiasi gani mama yake anaenda kulipwa, ili aelewe, ili asilie.

"Ishirini na tisa kwa saa," Birdie akasema.

"Shangazi aliniambia hapo unapata thelathini na nane."

Nikayageukia maharagwe yangu, nikayakoroga.

"Ndiyo," Birdie akasema. "Thelathini na nane."

Tulimsikia Kendra akivuta kamasi.

"Mama," akasema hatimaye, "motelini usilipe. Chumba cha watoto kina kitanda. Ni kifupi lakini, miguu itatokeza."

"Nitaikunja," Birdie akasema.