Koa wa Mombasa kwa Dani

Maabara yetu ikinuka maji ya chumvi, mimi hutoroka kimawazo hadi Homa Bay, kwa dani, nyanya yangu. Nikiwa mtoto, mjomba alikuwa ameniletea koa wa baharini kutoka Mombasa akiwa hai ndani ya ndoo ya maji ya bahari, pamoja na nyasi za bahari anazokula. Koa huyo alikuwa mnene kama andazi lililolowa chai. Sikutulia, kila mara nachungulia.

Dani alionja yale maji, akatema.

“Wuoi! Si chumvi inaua koa? Mjomba wako ana akili kweli?”

Kwa huruma akamhamishia kwenye karai la maji matamu ya ziwa. Koa akajikunja, akatoa wino wa zambarau.

“Umeona anavyofurahi?”

Nikatoka mbio bila shati kuwaita watoto wa jirani. Tulipofika, koa alikuwa amelegea chini ndani ya karai, hatikisiki.

“Punguzeni kelele,” dani akanong’ona. “Ameshiba, amelala.”