Sauti ya Mama Mukai

Kyule wa Ziwani alikuwa mkono wa birika hata kwa watu wake. Kibanda chake cha kunakili kanda kilijulikana mtaa mzima. Ukitaka rumba, ukitaka kwaya, utapata, na aliyeimba asione hata shilingi ya chai. Mwaka wa 1999 alipopata kompyuta kuukuu, alijiona amefika. Sasa kila kanda aliyokwisha kuinakili ndani ya mashine ile aliifuta, akaijaza rumba na kuiuza. Kununua kanda mpya, alisema, ni kazi ya wajinga.

Mkewe, Mwelu, alikuwa akiongoza nyimbo kanisani. Mwaka huo huo aliota rovu shingoni, na madaktari wakamwambia kwamba kisu kingeweza kumwachia uhai na kumnyang'anya sauti. Kabla ya kulazwa alikwenda kibandani akarekodi kwenye kanda wimbo wa Kikamba aliokuwa akimbembelezea binti yao, Mukai, aliyekuwa hajaanza kusema.

"Baba Mukai, hii uitunze," alisema. "Nikinyamaza, mtoto asinikose."

Akanyamaza kweli. Alitoka hospitali na kovu, na koo lisilotoa ila pumzi.

Wimbo ulikuwamo ndani ya kompyuta, lakini ulivuma kwa kelele za barabarani, ukahitaji programu ya kusafisha sauti. Jamil, mwenye duka la kompyuta, alikuwa nayo, ya halali, ndani ya boksi lake. Zamu ya Mwelu ya kupokea mchango ilipofika katika chama cha akina mama, fedha zote alimkabidhi mumewe akainunue. Kyule akanunua spika za kuvutia wateja.

"Bwana Kyule, programu hizi za bure za kuvuta kwenye intaneti zina virusi," Jamil alimwonya. "Utapoteza kila kitu."

"Wewe unatetea unga wako tu," Kyule alimcheka.

Rafiki yake Amolo, karani wa mjini, ndiye aliyemletea diski yenye programu hiyo. "Niaje, buda! Hii nimeivuta na intaneti ya ofisi. Ni ya bure kabisa."

Bure! Neno hilo lilimlainisha Kyule kuliko mahubiri yoyote. Aliitia diski kwenye mashine, na mashine ikazimika, isiwake tena. Fundi aliyeitwa alisema virusi vimefuta kila kilichokuwamo. Kyule alikimbilia rafu ya kanda kumtafuta mkewe, na hapo ndipo alipokumbuka. Kanda ya Mwelu alikwisha kuijaza rumba, akamuuzia dereva mpita njia asiyemjua hata jina.

Mchuma janga hula na wa kwao, nao wa Kyule walikuwa nyumbani wakingoja. Mwanamume mwenye haya angepiga magoti. Yeye alipekua kanda zilizosalia, akapata ya Kavinya, mwimbaji wa kwaya moja ya Mukuru kwa Reuben, aliyekuwa ameimba wimbo uo huo wa kubembeleza. Akaondoa jina lake juu ya kanda, akaibeba nyumbani.

"Mama Mukai, wimbo wako uko tayari," alitangaza, majirani wakisikia.

Mwelu alikaa karibu na redio kaseti, mikono mapajani. Sauti ilipoanza, uso wake ulikunjuka kwa furaha. Kisha ukajikunja. Ni nani asiyeijua sauti yake mwenyewe? Akamtazama mumewe na kutikisa kichwa.

"Ni wewe," Kyule alisema. "Ulikuwa mgonjwa, umesahau vile ulikuwa unaimba."

Alimwambia hivyo mtu asiyeweza kumjibu, na hakuona aibu. Mwelu alifungua mdomo, ikatoka pumzi, akaufunga. Akanyoosha mkono kuzima redio.

Lakini Mukai alikuwa amekwisha kuikumbatia ile redio, shavu lake limebanwa kwenye spika, anacheka. "Mama," alisema. "Mama!"

Majirani walipiga makofi. Hawakuwahi kumsikia mtoto yule akilitamka neno hilo.

Mkono wa Mwelu ulibaki hewani, kisha ukarudi mapajani. Aliungoja wimbo uishe, akarudisha kanda nyuma, akaiwasha tena. Akampakata mtoto, wakitazamana, akaanza kuchezesha midomo yake kwa sauti ya Kavinya, ili Mukai aone ni mamake anayeimba.