Babu na Mlango wa Ngome ya Handaki

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, niliondoka Unguja kwenda Maskati kwa shangazi yangu, Zuwena. Alinipigia simu akasema ngome ya kwao inamomonyoka kila mvua inyeshapo, na anataka tuione kabla haijaisha. Tulikua tukiambiwa kwamba babu, baba yake shangazi, alipigana ndani ya ngome ile mpaka risasi ya mwisho, ndipo akahamia Unguja.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulitoka Al Hail, anakokaa shangazi. Aliyeendesha ni Khalfan, mwanawe shangazi, aliyeomba ruhusa kazini kwake, wizarani Al Khuwair. Lami ilipita baina ya milima mikavu, rangi ya kutu.

"Nna miaka sitini na tano," shangazi akaniambia, "na sijapata kuiona."

Saa tatu tulifika. Palisalia ukuta mmoja wa udongo na nusu ya mnara. Handaki lililouzunguka lilikuwa pana kama barabara, kavu, limejaa miba na makopo. Mzee Nasir, mwenye shamba la mitende la jirani, aliyewahi kuishi Tabora ujanani, akatukaribisha kwa Kiswahili cha bara.

"Humu mlijaa maji," alisema, akionyesha handaki. "Yalikuja kwa falaji, mfereji unaotoka mlimani. Adui hakuweza kuvuka. Mwisho wakauziba mfereji kule juu. Handaki likakauka, na kisima cha ndani nacho kikaisha."

Shangazi akamtajia jina la babu. "Huyo ndiye alobakia akipigana."

Mzee Nasir aliweka chini birika la kahawa.

"Nisamehe, mama. Huyo ndiye aliyefungua mlango."

"Baba yangu aliwauza wenzake?"

"Sikusema hivyo. Ndani mlikuwa na wanawake na watoto, siku ya tatu hawana maji. Wakubwa hawakutaka kusalimu amri. Funguo alikuwa nazo yeye. Mchana, watu wote wanamwona, akafungua, akatoka mbele mikono juu. Wote wakatoka wazima. Wakubwa hawakumsamehe, ndiyo maana akahama. Mama yangu alikuwa mmoja wa watoto wale."

Shangazi aliniomba mkono, tukateremka handakini, tukapanda ng'ambo ya pili hadi mlangoni. Mbao zake zilikwisha kung'olewa zamani. Alisimama pale kwenye tundu, akalia, kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Saa tisa alasiri tulianza kurudi. Tulipofika Al Hail shangazi hakuvua hata viatu, akampigia baba yangu Unguja. Simu haikusikika vizuri, akawa anapiga kelele:

"Hakupigana, kaka! Sikiliza nnavyokwambia! Aliwatoa watoto!"

Nilirudi Unguja baada ya wiki mbili. Nilichojifunza safarini ni hiki: babu aliishi nasi hadi kufa kwake akilificha kwa haya jambo ambalo kule alikotoka bado wanamshukuru kwalo.