Magimbi ya Mtaroni

Naikumbuka siku moja, mwanangu, siku ambayo magimbi yangu yalinitia aibu mbele ya kijiji kizima. Nataka nikusimulie leo, maana kesho ndiyo unawaongoza wenzako kutengeneza barabara iliyokatwa na mvua. Keti basi, chai ipo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami ni mke mpya, nimeolewa huku upande wa Magoma. Barabara ya kwenda Korogwe ilikuwa ya udongo, na kila nyumba ilipewa kipande chake cha kufyeka na kuzibua mtaro. Chetu kilikuwa pale bondeni, kwenye kona. Basi mimi, na ujuaji wangu wa ujana, nikaona mtaro una unyevu mwaka mzima, nikasema hapa pasipotee bure. Nikapanda magimbi. Nikaweka na tuta huku na kule ili maji yasikimbie. Weee! Magimbi yalinona, mwanangu, wapita njia wakawa wanasimama kunisifu, nami kichwa kikavimba.

Mama mkwe alinionya mara moja tu. Alikuwa mpole, hakujua kugomba.

"Mwanangu, mtaro ni wa maji," akasema. "Ukiyanyima njia yatapita juu ya barabara."

"Mbona jana umeyala magimbi hayo hayo ukaomba uongezwe, mama?" nikamjibu. Akacheka, nami nikadhani nimeshinda.

Masika yakaja. Mvua ilipiga siku tatu mfululizo, na wifi yangu Mwanaidi, binti wa pekee wa mama mkwe, akashikwa na uchungu. Usiku ukapita, kukakucha, mtoto hatoki. Mkunga akasema yeye amefika mwisho, apelekwe hospitali Korogwe. Shamba la mkonge likatutolea lori, nalo likaja mpaka bondeni, likasimama ng'ambo. Barabara ilikuwa imekatika pale pale kwenye kipande chetu, na maji mekundu yanapita kwa kishindo.

Wanaume walimlaza Mwanaidi kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba vichwani, wakaingia majini. Maji yaliwafika kifuani. Mmoja akateleza, kitanda kikainama, na mama mkwe akapiga ukelele ambao hata leo nausikia. Mimi nimesimama ukingoni, nayaona magimbi yangu yameng'oka, yanaelea kando ya kitanda cha wifi yangu. Nilijichukia, mwanangu. Nilijichukia kabisa.

Walivuka, alhamdulillahi. Mtoto alizaliwa ndani ya lori, hata Kwamndolwa njiani hawajafika, mama na mwana wazima.

Mvua ilipokatika jumbe, mkubwa wa kijiji, akatuita wote na majembe. Akasema hii ni kazi ya Mungu, tufukie shimo haraka, lori lipite. Watu wakaitikia. Mama mkwe akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Wakifukia hivi hivi, mwakani itakatika tena," akaninong'oneza, "na sijui safari hiyo kitandani atakuwa nani. Wewe unajua kwa nini imekatika. Nenda kaseme."

"Watanicheka, mama."

"Watakucheka. Mimi nitasimama nawe."

Nikaenda, nikapiga magoti, nikamwamkia jumbe shikamoo, nikasema yote. Jamani, walicheka! Kuna mzee mmoja aliniita Bi Magimbi mpaka anaingia kaburini. Lakini kicheko kilipokwisha, mmoja akasema naye kapanda miwa mtaroni, mwingine akasema kafukia wake ili ng'ombe wapite. Ndipo jumbe akaweka jembe chini. Tukazibua na kupanua mtaro wote, tukachimba michepuko ya kuyatoa maji kidogo kidogo kwenda mashambani kabla hayajapata nguvu. Pale bondeni tulibeba mawe kutoka mlimani wiki nzima, mimi na mama mkwe tukifuatana, tukayapanga barabarani na kuyashindilia, ili maji yakizidi yapite juu ya mawe bila kuondoka na barabara. Pembeni tukapanda nyasi za kushika udongo. Basi masika yalikuja na kupita, miaka na miaka, na lori likipita.

Mwanaidi aliporudi na kichanga chake, nilimwendea nalia.

"Nyamaza, wifi," akaniambia. "Mimi nilijua tangu siku ile. Niliyaona yakielea, na kijijini hapa nani mwingine ana magimbi manene vile? Sikumwambia mtu. Nilitaka useme mwenyewe."

Sasa nikuase, mwanangu. Kesho usikimbilie kufukia. Uliza kwanza maji yalikuwa yanapita wapi, na nani kayaziba. Yape njia pana, yawekee mawe, na kila mwaka kabla ya masika muizibue mitaro, hata kama barabara inapendeza. Na aliyekosea aseme mapema, maana yeye ndiye anayejua pa kuanzia.

Juzi nilijikongoja mpaka pale barabara ilipokatika safari hii. Nimeiona migomba iliyomo mtaroni, na naijua ni ya nani, maana miche yake nilikupa mimi. Sijamwambia mtu.

Nenda, baba. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli na mgongo wa kubebea mawe, na kila mgonjwa atakayepitishwa njia hiyo afike salama. Wakikucheka kesho, geuka nyuma utazame. Nitakuwa nimesimama pale na mkongojo wangu.